Kabla ya Turbo Kuna Fundi: Historia ya Gari ya Mbio ya Kujitengenezea Nyumbani

Wiki iliyopita mzee mmoja, jirani yetu hapa Suneka, alipitia nyumbani kumsalimia mama. Akasimama kando ya Subaru yetu, mikono nyuma, akaiangalia kwa muda. Ndani hakuna viti vya nyuma. Hakuna zulia, hakuna redio, plastiki za milango zote zimetoka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, walioiba walishikwa?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyeiba, mzee wangu. Tumetoa wenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe ndiye ulikuwa chuo kikuu." Kisha akaenda zake.

Wasee, hiyo sentensi imenikaa kichwani wiki nzima. Kwa hivyo leo sina video. Leo ni kusoma. Nataka kuwaonyesha kwamba hii kazi ya kuchukua gari ya dukani na kuigeuza gari ya mbio kwenye ua wa nyumbani si wazimu wa vijana wa siku hizi. Ina historia, na sehemu kubwa ya hiyo historia ilianzia hapo tu Kericho. Pia nina jambo la kukiri. Nitalifikia.

Kwa wageni: gari ni Impreza GC8 ya 1998, injini EJ20 ya lita 2, turbo. Tuliinunua ikiwa imelala miaka mitatu chini ya mparachichi wa mtu, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Pesa ni zangu, za video na za simu niliyouza. Mikono ni ya binamu yangu. Yeye ni fundi, ana kagereji kadogo kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, hajawahi kukanyaga chuo. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo mihula mitatu nikaacha. Kwa karatasi mimi ndiye mhandisi. Kwa ukweli, mimi hushika tochi.

Sasa turudi nyuma.

Mbio tunazoziita Safari Rally zilianza mwaka wa 1953, wakati wa mkoloni, zikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya Elizabeth kuvikwa taji kule Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu cha kushangaza ni sheria za mwanzo: magari yalipangwa kwa makundi kulingana na bei ya dukani. Si nguvu ya injini, bei. Wazo lilikuwa kwamba gari ile ile anayonunua daktari au mwenye duka ndiyo inayokwenda kupigwa na tope, mawe na vumbi, halafu tuone ni gani itarudi nyumbani. Wauzaji wa magari walilipenda hilo wazo, na unaelewa kwa nini. Gari ikimaliza, Jumatatu watu wanaingia dukani.

Na kumaliza haikuwa mchezo. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 tena. Kwa hivyo swali la Safari halikuwa "nani ana kasi?" Swali lilikuwa "nani atafika?" Shika hilo swali, tutalirudia.

Ndani ya dunia hiyo ndiyo anatokea Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Kutoka kwetu unapita Keroka, unapita Sotik, unaendelea, umefika. Alikuwa mtoto wa familia ya Masingasinga, na alianza kushika spana akiwa kijana. Kumbuka hali ya wakati ule: ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu, Mhindi hakuruhusiwa kuimiliki. Kwa hivyo Wahindi wengi walibaki na duka na karakana. Masingasinga wengi walikuwa wamekuja kama mafundi tangu siku za kujenga reli, na gari zilipofika nchini, nyundo ikawa spana. Mzungu alinunua gari, Mhindi aliitengeneza, na Mwafrika alikuwa chini ya gari akipewa amri. Huo ndio ulikuwa mpangilio.

Joginder akaajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki kama fundi wa doria. Yaani gari yako ikikufia barabarani, yeye ndiye anakuja. Fikiria hilo somo. Mtu analipwa kuzunguka akitazama, siku baada ya siku, ni kitu gani hasa huvunjika kwenye barabara zetu. Hakuna chuo kinachofunza hivyo, na nasema hivyo nikiwa nimekaa chuoni mihula mitatu.

Mwaka wa 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta magari aina ya PV544 kwenye Safari. Kama hujawahi kuiona, ni gari ya mgongo wa kobe, bodi nzito, umbo la zamani hata kwa wakati huo. Lakini toleo lake la Sport lilikuwa na kabureta mbili na injini ya lita 1.8 iliyokuwa na moyo. Mwaka huo Volvo hawakushinda, kikombe kilienda kwa Ford Cortina ya Peter Hughes. Moja ya zile Volvo ikabaki Kenya kama gari ya mkono wa pili, imeshapigwa Safari nzima.

Joginder na ndugu yake Jaswant wakaichukua. Wakaiandaa wenyewe, kwa mikono yao. Mwaka wa 1965 wakaingia nayo kwenye mbio, Joginder kwa usukani, Jaswant kando yake. Wakashinda, na aliyewafuata aliachwa kwa zaidi ya saa moja na nusu. Si dakika moja na nusu. Saa. Gari ambayo kiwanda kilishindwa kushinda nayo, ndugu wawili mafundi waliirudisha barabarani mwaka mmoja baadaye wakaacha kila mtu.

Nilipoisoma hiyo hadithi mara ya kwanza, nilisema moyoni: ndio hii! Huyu ni sisi! Mkono wa pili, ndugu wawili, hakuna kiwanda. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilisoma nusu.

Sasa nikiri.

Mwezi uliopita nilitangaza hapa kwamba gari yetu itakuwa kwenye mbio za otokrosi kabla ya mwezi huu kuisha. Nilitaja tarehe, mkashangilia, nikaona namba zikipanda. Kilichokuwa kimebaki kikubwa ni keji, ile ngome ya mabomba inayozunguka dereva ndani ya gari, ili ikibiringika paa lisimlalie. Mabomba yanayotakiwa ni ghali na hayapatikani Kisii kirahisi. Mimi nikaenda kununua mabomba ya maji. Yale yale ya mabati ya kuvuta maji kutoka kwa tangi. Nikayaleta kwa boda, nikajiona mjanja.

Binamu yangu aliyaangalia, akagonga moja kwa spana. Akasema, "Hii ni ya kubeba maji. Haiwezi beba kichwa cha mtu."

Nikamwambia kwa video haitaonekana.

Akaweka mashine ya kuchomelea chini, akavua miwani, akaenda nyumbani. Hakurudi wiki mbili. Nami badala ya kuomba msamaha nikaanza kuandika maneno ya video, eti "mafundi wetu hawana ndoto". Nikamtafuta Joginder ndio nimtumie kama mfano: tazama mtu aliyetumia alichokuwa nacho! Na kadiri nilivyoendelea kusoma, ndivyo mfano ulivyonigeukia.

Kwa sababu Joginder alishiriki Safari mara 22, kutoka 1959 hadi 1980, na akamaliza mara 19. Rudia hiyo namba. Kwenye mbio ambazo mwaka mwingine magari 86 kati ya 93 yalibaki porini, huyu alifika mara 19 kati ya 22. Alishinda tena 1974 na Mitsubishi Lancer, akashinda tena 1976, mwaka ambao Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza zote. Mtu hafiki mara 19 kwa bahati, wala kwa kuunganisha vitu na waya. Anafika kwa sababu kabla ya kuondoka, kila kitu kinachoweza kuvunjika kimeshaangaliwa na mtu anayejua kinavyovunjika. Gari ilikuwa ya mkono wa pili. Kazi haikuwa ya mkono wa pili.

Hiyo ndiyo nusu niliyoiruka.

Tazama pia magari yenye umbo la michezo kweli. Datsun 240Z ilikuwa gari ya kijana mwenye pesa, pua ndefu, milango miwili, injini ya silinda 6 ya lita 2.4. Ukiiona unafikiria lami na miwani ya jua. Lakini mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo akiwa na Lofty Drews. Mehta alikuja kushinda mara nne zaidi mfululizo, 1979 hadi 1982. Zile Datsun zilikuwa za kiwanda, sawa, lakini somo ni lile lile. Huwezi kutoa gari ya lami dukani ukaipeleka kwenye tope ukaomba Mungu. Unaipa chuma pale ambapo mwenye kuichora hakuona haja ya chuma.

Baadaye mchezo ukawa wa matajiri. Miaka ya 80 na 90 viwanda vilikuja na helikopta za kuangalia njia mbele ya dereva, magari ya akiba, mafundi kwa madazeni. Hata hivyo Mwafrika naye alishatoka chini ya gari akakaa kwenye usukani: Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka wa 1994 ndani ya Subaru, na kuna kizazi kizima cha Wakenya ambao walianza kupenda Subaru kwa sababu yake. Colin McRae akashinda na Impreza 1997, Richard Burns akashinda na Impreza 2000. Baada ya 2002 Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 pale Naivasha. Na tangu 2022 gari za daraja la juu kabisa hazilazimiki tena kuanza na bodi ya gari ya dukani, zinaweza kujengwa juu ya fremu ya mabomba iliyoundwa kwa ajili ya mbio peke yake, kisha zikavalishwa sura ya gari unayoijua. Yaani ile njia ya Joginder, ya kutoka uani hadi kilele cha dunia, kule juu imefungwa.

Lakini huku chini haijafungwa. Mbio za kitaifa zipo, otokrosi ipo, na mbio za magari ya zamani zipo. Mwaka wa 2017 Carl Tundo alishinda Safari Classic na Triumph TR7 yenye injini ya V8. TR7 ni gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, umbo kama kabari ya mlango, na kiwandani ilitoka na injini ya silinda 4. Gari ya kutembelea ufukweni imeshinda mbio za nyika za Afrika Mashariki! Kwa hivyo yule anayenitumia ujumbe kila siku kwamba "Subaru ya mtaani haiwezi", tulia.

Kuna historia nyingine sambamba na hii, na inanihusu mimi niliyetoka chuo. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari ya Kenya. Wakatengeneza, Nyayo Pioneer, magari matano ya majaribio, yakazinduliwa 1990. Hayakuwahi kufika madukani, pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Watu huyacheka, mimi siwacheki tena. Lakini katika miaka hiyo hiyo, bila hotuba na bila utepe wa kukatwa, jua kali ilikuwa inakua. Mwafrika aliyekuwa chini ya gari kwenye karakana ya Mhindi alikuwa amejifunza, akatoka, akafungua yake kando ya barabara, akamfundisha mdogo wake. Binamu yangu alifunzwa na fundi aliyefunzwa na fundi aliyefunzwa kwenye karakana kama hizo za Kericho na Kisumu. Yeye ana shahada ya miaka sitini, ila haina karatasi. Na jina la fundi haliandikwi kwenye kikombe. Tunakumbuka Joginder kwa sababu yeye mwenyewe aliendesha. Angetengeneza tu, hata mimi nisingemjua.

Sasa, kwa anayetaka kujaribu nyumbani, niwape mpangilio kama nilivyofunzwa, maana wengi mnaanza na turbo. Mimi pia nilitaka kuanza na turbo.

Kwanza ni kutoa. Wachongaji wa mawe kule Tabaka watakuambia kazi ya mwanzo ni kupunguza. Kila kilo unayotoa ni kilo ambayo injini haitaisukuma na breki haitaisimamisha.

Pili ni kuimarisha. Springi, shokamzoba, mahali zinaposhikana na bodi, na bamba la chuma chini ya injini, kwa sababu jiwe moja likipasua sampu, oili yote inamwagika na safari imeisha.

Tatu ni breki na kupoza. Rejeta safi, mipira mipya, filta ya hewa inayofaa vumbi letu. EJ20 silinda zake zimelala ubavuni, na ukikata kona kwa nguvu oili inaweza kukimbia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Beringi zikikauka sekunde chache tu, injini inakufa.

Nne ni keji, kiti cha mbio, mikanda na helmeti. Sheria za kimataifa zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 na unene wa 2. Bomba la maji lina mshono. Ile mabati juu yake ni zinki, ukiichomelea inatoa moshi wa sumu, na kama hukuikwangua vizuri inaharibu kiungo chenyewe. Kwa macho zinafanana. Siku ya kubiringika ndiyo utajua tofauti, na utakuwa umechelewa. Mikanda nayo ina tarehe ya mwisho, miaka mitano. Angalia lebo kabla ya kununua ile ya bei rahisi mtandaoni.

Tano, mwisho kabisa, ndiyo nguvu. Ukipandisha turbo kabla ya hayo mengine umejenga kitu kinachofika haraka kwenye ajali.

Na gari ikiisha, peleka mbele ya wakaguzi wa mbio, kwenye uwanja. Najua kuna wanaonong'ona kuhusu kiwanja cha ndege cha Suneka usiku, na kuhusu ile barabara ya Migori saa nane. Mimi sitakuwepo na sitapiga video. Kwenye hiyo barabara kuna mama anayetoka sokoni na boda ya mwisho.

Nilienda kwa binamu yangu Jumapili. Sikumpata gereji, nikamfuata kwao. Nikamwambia, "Nimekosa, kaka. Ulikuwa sawa." Akaniuliza kama nimekula. Ndivyo tulivyomaliza ugomvi. Alirudi Jumanne, na kazi ya kwanza aliyofanya ni kuchukua yale mabomba ya maji na kuyapeleka yanakofaa. Sasa mama ana maji jikoni.

Kwa hivyo tarehe niliyowapa imekufa. Otokrosi itaenda bila sisi. Nimeanza kuweka pesa za mabomba sahihi, na kuanzia sasa kila video itafungua na mikono ya fundi ikifanya kazi, si sura yangu. Yeye hataki jina lake litajwe, anasema wateja watadhani amekuwa bei ghali. Lakini mikono mtaiona.

Na yule mzee akipita tena, nitamwambia hivi: mzee wangu, ile gari haikuibwa, na mimi bado nasoma. Mwalimu tu ndiye amebadilika.